Jioni Tisa za Fundi wa Mabati

Tarehe kumi na nne Agosti, saa moja asubuhi, tulimpoteza Fundi. Mkewe alinipigia simu akasema, "Fundi ametuacha. Njoo." Niliacha nguo za watu kwenye beseni hapa Kawangware nikatembea hadi Gatwekera, ndani ya Kibera, njia ile ile niliyoipita jioni nyingi kwenda kumsomea digrii za nyota zake. Nilipofika Kibera niliona povu limenikaukia mikononi. Mbingu ilikuwa imefungwa na mawingu ya Agosti, na kwa mazoea nilitazama juu nikajiambia leo hakuna kupima. Hapo ndipo nilipolia. Nilipomwona amelala sikulia.

Daftari lake liko kwangu. Nimelifunga kwa raba nikaliweka chini ya godoro. Naijua kila jioni iliyoandikwa humo isipokuwa moja, ya mwisho, na hiyo sitaisoma mpaka jacaranda za Ngong Road zichanue. Sheria hiyo ni yake. Mimi naifuata tu.

Kwa watu wa Gatwekera alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza majiko, ndoo, makarai, mifereji ya kukinga maji ya paa, na masanduku ya wanafunzi wanaokwenda shule za bweni. Kibanda chake kilikuwa mlangoni mwa nyumba yake, mahali njia inapopanuka kidogo, na mbele yake uwazi wa hatua kama kumi unaoteremka kuelekea bondeni, kwa hivyo ukisimama pale hakuna paa linalokuziba kusini, upande wa Lang'ata. Watu walidhani alipachagua kwa ajili ya wateja. Alipachagua kwa sababu ya kusini.

Hakuwa na futi ya kupimia. Ukimwendea ukitaka jiko, alikutazama, akatazama bati, akakata. Jiko likiyumba alikuambia sakafu yako ndiyo mbaya. Aliahidi sanduku Jumatatu likatoka Ijumaa, na Ijumaa yenyewe alikukaripia kwa nini umekuja mapema. Lakini mtu huyo huyo nilimwona akikaa jioni tatu akikata alama kwenye pete ya bati yenye upana wa sinia, kwa msumeno wa chuma, alama moja kwa kila digrii, mia tatu na sitini, kila ya kumi ikiwa na kina zaidi. Alipoteleza kwenye alama ya mia tatu na kumi na mbili aliitupa pete nzima akaanza upya. Nilimuuliza kwa nini hakuirekebisha pale pale.

"Jiko likikosea, ugali unaiva tu," akasema. "Hii ikikosea, hakuna kitu cha kukuambia imekosea."

Nilimjua miaka kumi na mmoja. Minane kati ya hiyo tulikuwa majirani, ukuta mmoja wa udongo katikati yetu, kabla sijahamia Kawangware. Mimi nilisoma hadi darasa la nane. Kazi yangu ni kufua. Kina mama wa mtaa wa Nyayo Highrise wananiita mama fua, na simu yangu imehifadhiwa kwenye simu zao kwa jina hilo. Kwa hivyo sikuwa mtu wa kufikiriwa kwa mambo ya nyota. Lakini jioni moja alizungumza nami kupitia ukuta.

"Jirani. Unajua kusoma namba?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

"Inategemea."

"Basi njoo."

Nilipotoka nilimkuta na darubini. Lenzi yake ilikuwa na upana wa kikombe cha chai, aliipata kwa watu wa vyuma vikuukuu, na bomba lake alilitengeneza mwenyewe kwa bati, kama lile la moshi. Ilisimama juu ya miguu mitatu ya vyuma vya pembe aliyoichomelea. Mtu asiyejua angedhani ni jiko la mtindo mpya, na wapo walioliulizia.

Alichokuwa akipima ni nyota mbili zilizokaribiana. Kusini kuna nyota mbili kali zinazoelekeza Msalaba wa Kusini. Ile inayong'aa zaidi, kwa macho ni moja. Kwenye darubini inaachana, zinakuwa mbili, moja ya manjano na nyingine imeelekea rangi ya chungwa. Zinazungukana, na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka themanini. Aliziita Wale Wawili. Alipoanza kuzipima zilikuwa zimebanana sana, na kila mwaka tangu hapo zilikuwa zikiachana kidogo, kidogo ambacho hakiwezi kuonekana na mtu asiyepima.

Nilimwambia miaka themanini hatuna.

"Nani amesema nataka yote?" akanijibu. "Mimi napima kipande changu."

Mbele ya lenzi aliweka kifuniko cha vipande vyembamba vya bati vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kama vyuma vya dirisha. Alikiita wavu. Mwanga wa nyota ukipita kwenye wavu, kando ya kila nyota hutokea vinuru vidogo vilivyojipanga kwenye mstari. Hivyo aliviita mizuka. Ukizungusha wavu, mizuka inazunguka nao. Unauzungusha polepole mpaka mizuka ya nyota hii na ya nyota ile ifanye pembe mraba kamili, kisha unasimama na kusoma digrii kwenye pete. Kutokana na hiyo digrii na upana wa vipande vya bati, unapiga hesabu ya nafasi iliyo kati ya nyota hizo. Kadiri Wale Wawili walivyoachana, ndivyo vipande vilivyotakiwa kuwa vyembamba zaidi. Basi kila mwaka mmoja au miwili alikata wavu mpya na ule wa zamani akautundika kwenye msumari. Mwisho zilikuwa nyavu sita ukutani mwa kibanda, kutoka pana hadi nyembamba, na mwendo wa nyota ungeweza kuusoma pale mchana kweupe, ukisubiri ndoo yako.

Kazi yangu ilikuwa pete. Yeye aliweka jicho, akazungusha wavu, akasema, "Hapo." Mimi nilimulika kwa tochi ndogo iliyofungwa kitambaa chekundu, nikasoma, nikaandika. Sikuruhusiwa kusema nilichosoma. Jioni ya kwanza nilijisahau nikataja namba kwa sauti, akatoa jicho kwenye darubini.

"Umeniharibia," akasema. "Sasa nikirudia, mkono wangu utaitafuta hiyo hiyo. Usiniambie. Hata nikikuuliza, usiniambie."

Alizungusha mara sita kila jioni, kila mara akianza mbali, na mara zote sita hakujua alichopata. Namba zilikaa kwenye daftari msimu mzima bila yeye kuziona. Wale Wawili huonekana vizuri kusini wakati wa magharibi kuanzia mwisho wa Mei, na ikifika Oktoba wameshuka sana. Miezi mingine alipima nyota nyingine mbilimbili, kama Mapacha wa kaskazini, kwa mazoezi tu. Hakutumia kalenda kufunga msimu. Jacaranda zilipochanua, alivaa shati safi, akaketi kwenye kigoda na kusema, "Haya, nisomee." Nilisoma jioni baada ya jioni naye akisikiliza amefumba macho. Namba ikitoka mbaya, alisema tu, "Hiyo nayo."

Tulipima kwa haraka. Nyota kali kama ile hupimwa vizuri mwanga wa jua ukiwa bado haujaisha angani, maana giza likiingia kabisa inachoma jicho na mizuka inapotea. Pia ilitulazimu kumaliza kabla ya mulika mwizi, ile taa kubwa juu ya mlingoti, kuwaka. Kati ya jua kuzama na mulika mwizi kuwaka tulikuwa na kama dakika ishirini. Watu wanarudi kutoka kazini, samaki wanakaangwa, redio za majirani ziko juu, na yeye katikati ya hayo yote ameinama.

Vijana waliokuwa wakipita hawakumwacha.

"Niaje Fundi. Leo umemuona Mungu?"

"Nimemuona. Amesema uoge."

"Fundi, hiyo kitu inaona mpaka wapi?"

"Mpaka pale hujafika."

"Lakini si ungeangalia mwezi kama watu wengine? Hizo nyota zinakulipa?"

"Wewe mpira wa Ulaya unakulipa?"

Hakuinua kichwa hata mara moja wakati wa kujibu. Mkewe naye alipoulizwa kama huona nyota, alisema tangu aolewe hajawahi kuona chochote kwenye kile chombo isipokuwa kope zake mwenyewe.

Ni lazima niseme pia kwamba Fundi aliiba kwenye drafti. Aliiba waziwazi. Alisogeza vizibo vya chupa kwa kiwiko akijifanya anakohoa, na akishikwa alikana mpaka mwenzake akachoka. Nilimshuhudia nikamuuliza inakuwaje mtu anayetupa pete nzima kwa alama moja anaiba mchezo wa vizibo. Alifikiri kwanza. "Hawa wananiibia pia," akasema. "Nyota hazijanifanyia kitu."

Hakuwa mtu wa kusifu. Miaka yote hiyo sikumbuki akiniambia kazi nzuri. Kanisani alienda, lakini mahubiri yakikaribia magharibi ya siku yenye anga safi alitoka katikati, na mchungaji aliacha kumsema. Mama mmoja alimwomba amtazamie nyota ya bintiye aliyekuwa anatafuta kazi. Alimjibu kwamba nyota haimjui bintiye na bintiye asimame mwenyewe, mama yule akaondoka amekasirika, na wiki ileile Fundi alimpa huyo binti jiko jipya la kuanzia kukaanga mihogo. Kwake hayo mawili hayakugombana.

Mwanzoni kabisa, kabla hajapata mtu wa kumkosoa, alipima msimu mzima kinyume. Nyuma ya darubini alikuwa ameweka kioo kidogo ili asivunje shingo, na kioo, kama ujuavyo ukijitazama, hugeuza kulia kuwa kushoto. Alikuwa amehesabu upande ambao Wale Wawili wameelekeana kama vile hakuna kioo. Aligundua mwenyewe, akijinyoa. Hesabu ya kurekebisha ilikuwa fupi na angeweza kuandika upya daftari lote. Aliziacha namba za kwanza kama zilivyo, akaandika za pili kando, na juu ya ukurasa: "Nilikosea upande. Kioo." Alipokubaliwa kwenye kikundi cha watazama nyota, ukurasa huo ndio aliowaonyesha kwanza.

Kikundi hicho kilikutana kwenye ukumbi mmoja karibu na Ngong Road. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye darubini inayojizungusha yenyewe. Kila mwaka walikusanya vipimo vya wanachama na kutuma orodha nje ya nchi, kwa watu wanaoziweka nyota hizo kwenye hesabu. Orodha ilionyesha nyota, tarehe, kipimo, jina na mahali. Mwaka wa kwanza Fundi alinichukua twende, nikabeba daftari.

"Mzee wangu, vipimo vyako ni vizuri ajabu," daktari akasema. "Mahali tutaandika tu Nairobi."

"Nilipimia Gatwekera."

"Najua. Lakini watu wa nje hawajui Gatwekera."

"Watajua."

"Wataitafuta kwenye ramani, mzee. Wataona..."

"Wataona nini?"

Daktari alitazama meza. Watu wengine wakaanza kuhesabu vikombe vya chai.

"Wewe kwako umeandika mtaa wako, mpaka na kilima," Fundi akasema. "Mimi nina bonde. Andika Gatwekera, ama usiandike."

Waliandika Gatwekera. Miaka sita mfululizo jina hilo lilikuwa kwenye orodha, na kila ilipotoka aliibandika ndani ya kibanda, juu ya nyavu, mahali wateja wangeiona wakitaka wasitake.

Mwaka wa saba halikuwepo, na sababu ni mimi.

Jicho lake la kushoto liliharibiwa zamani na kipande cha bati. La kulia, ambalo ndilo alipimia, likaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Alikataa kufanyiwa upasuaji katikati ya msimu. "Watanikata jicho jacaranda zikichanua," alisema, na zilipochanua akapata sababu nyingine. Namba zake zilianza kutawanyika. Zamani sita za jioni moja zilikaa pamoja, sasa zilikimbiana. Daktari wa meno alimwambia kwa upole kwamba zikizidi kutawanyika hivi hawataweza kuzituma. Fundi alifunga daftari, akatoka ukumbini, na mpaka Kibera alitembea hatua kumi mbele yangu.

Jioni moja ya msimu wa saba nilisoma arobaini na moja, kisha hamsini na mbili, kisha thelathini na nane. Nilisimama na tochi yangu nyekundu nikimtazama mgongo. Nilikuwa bado sijaandika; zote tatu nikaziandika karibu na arobaini na nne. Alipozungusha mara ya nne niliandika arobaini na tano. Zote sita niliziweka pale karibu. Hakuna aliyeniomba. Nilimwonea huruma, nikaandika nisichoona.

Jacaranda zilichanua, akavaa shati, nikamsomea. Sharti la kikundi lilikuwa jioni kumi kwa msimu, na tulikuwa na kumi kamili, kwa sababu mwaka huo mawingu yalitusumbua. Nilipofika kwenye namba za jioni ile alifumbua macho.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Siku hiyo nani alikuwa kwa darubini?"

"Ni wewe."

"Mimi sina jicho zuri hivyo." Akanisogezea daftari. "Jirani. Uliandika ulichoona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakukuwa na shahidi. Nikasema, "Hapana."

Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya namba sita, na chini yake akaandika, "Jioni hii haikupimwa." Zikabaki tisa. Nilimwambia kosa ni langu, niende kwa daktari nikaeleze, labda watamkubalia.

"Utaeleza nini? Kwamba Fundi anahurumiwa?" Akanipa kalamu. "Nenda nyumbani."

Nilikuwa nimeshahamia Kawangware. Oktoba ikapita, Novemba, Desemba, sikwenda kwake wala hakuniita. Nilifua nguo za watu na kila magharibi yenye anga safi nilijua alipo na kwamba hana wa kumsomea. Januari, mchana, nikiwa kwenye mfereji na ndoo zangu, wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuza shingo. Fundi alikuwa amesimama pale, viatu vimejaa vumbi. Mtu ambaye hakuwahi kumfuata mtu alikuwa ametembea kutoka Kibera.

"Wale Mapacha wa kaskazini wameanza kuchomoza jioni, na mawingu yamefunguka," akasema. "Unakuja ama hukuji?"

Nilifunga mfereji nikamfuata, mama mmoja akicheka nyuma yangu, "Huyu mzee ameoa?" Tulitembea mpaka karibu nusu ya njia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulinidharau."

"Nilikuhurumia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kosa langu lina ukubwa wake, jirani. Wakijua ukubwa wake, wanaweza kulipigia hesabu. Ukilificha, mimi si kitu tena, ni mzee anashikiwa mkono." Baadaye kidogo akaongeza, "Tochi nimebadilisha betri."

Hakulirudia jambo hilo tena mpaka kufa. Na mimi tangu siku hiyo sijaandika namba nisiyoiona, mahali popote, hata idadi ya nguo.

Msimu wa mwaka huu ulianza Mei. Kufikia mwisho wa Julai alikuwa na jioni tisa, zimetawanyika sana, na zote ni za kweli. Mimi ndiye niliyezisoma. Ilibaki moja. Ukungu wa jicho ulikuwa umezidi, na kifua kikaanza kumbana.

Daktari wa meno alikuja matangani. Alikaa na sisi vizuri, akala alichopewa. Alinivuta kando akasema kikundi kimezungumza, na kwa heshima ya mzee, wako tayari kuzihesabu zile tisa kuwa kumi, ili jina lirudi kwenye orodha mara ya mwisho. Alikuwa anamaanisha, macho yake yalikuwa mekundu.

Nilimwambia Fundi angekataa.

"Marehemu hawezi kukataa, mama," akasema taratibu.

"Mimi ninaweza," nikamwambia. "Andikeni tisa au msiandike."

Darubini mkewe alinipa mimi, na nyavu zote sita. Nilizibeba hadi Kawangware mabegani zikigongana, na watu wakanipisha njia wakidhani ninauza.

Mara ya mwisho kuwa naye darubinini ilikuwa tarehe sita Agosti. Upepo ulikuwa umefungua kusini mchana, nikatembea haraka. Nilimkuta kitandani amejifunika blanketi mbili.

"Mawingu?" akauliza.

"Kusini hakuna."

Alianza kutafuta viatu kwa miguu. Mkewe akasimama mlangoni. "Baridi hii itakumaliza."

"Imejaribu miaka mingi," akasema, akampita.

Wako wanaosema ni baridi ya jioni ile iliyomuua. Mimi sijui. Nimelifikiria sana na bado sijui. Ningeweza kusema mawingu yapo, naye angelala. Sikusema.

Tulimweka kwenye kigoda. Wale Wawili walikuwa wamesimama kusini kabisa, juu ya Lang'ata, na anga bado ina rangi. Aliinama kwenye darubini muda mrefu kuliko kawaida. Mkono wake haukugusa wavu.

"Ni mmoja," akasema. "Ni mmoja mkubwa mwenye manyoya."

Nilidhani atarudi ndani. Alinyanyuka, akashika ukingo wa pete, akanionyesha kigoda kwa kidevu.

"Kaa wewe."

"Mimi sijawahi kupima."

"Umeona mara ngapi? Kaa. Mulika mwizi haitungoji."

Nikakaa. Walikuwa wawili, wazi, wa manjano na wa chungwa, na mizuka imejipanga kando yao. Nikauzungusha wavu taratibu mpaka pembe ikakaa, nikaupitisha kidogo, nikarudi. "Hapo," nikasema, na sauti yangu niliisikia ngeni. Hakuomba tochi, isingemsaidia. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye alama alizokata mwenyewe, akihesabu midomo ikicheza kutoka ile yenye kina, kisha akaandika kwa herufi kubwa, daftari limekaribia pua. Tulifanya hivyo mara sita. Vijana wawili walipita, mmoja akafungua mdomo, akatutazama, akaufunga.

Nilitoa jicho, nikasimama.

"Hii ni ya kumi, Fundi."

"Ya kumi ya nani?"

"Yako. Darubini yako, wavu wako, mwandiko wako. Nani atajua?"

Nilijisikia nikisema. Yeye naye alinisikia, na hakukasirika.

"Jicho la nani?"

"Langu."

"Basi mimi nina tisa," akasema. "Wewe una moja."

"Tisa haziingii kwenye orodha."

"Orodha ni yao. Tisa ni zangu."

Mulika mwizi ikawaka, njia yote ikawa nyeupe, na Wale Wawili wakafifia. Nilitazama daftari mkononi mwake. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kujua kitu.

"Nimepata ngapi?" nikamuuliza.

"Msimu haujaisha, jirani."

Akafunga daftari, akaliweka kwenye kigoda, akalikalia.